Nifundisheni kwanza lugha ya mwanangu

Kwa Mhariri,

Muhula uliopita nilihudhuria kikao cha wazazi katika shule ya bweni ya watoto viziwi anakosoma binti yangu. Tuliketi chini ya mwarobaini, mgeni wa heshima akatusomea hotuba yake, na mengi aliyoyasema yalikuwa mazuri. Soda pia alituletea, Mungu ambariki. Lakini katikati ya hayo mazuri akapenyeza jambo ambalo nimelala nalo na kuamka nalo tangu siku hiyo. Alisema shule inatuma masomo ya likizo kwenye WhatsApp kila muhula unapofungwa, walimu wanajitahidi, ila tatizo ni sisi wazazi wa watoto wenye mahitaji maalum: hatufuatilii. "Mnatuachia watoto," akasema. Wapo waliopiga makofi. Mimi nilinyamaza, kwanza kwa adabu, pili kwa sababu ni mwendo wa saa tatu kurudi Likoni na basi la mwisho halimngoji mtu. Naomba nafasi gazetini mwako nimjibu sasa, maana maneno yakikaa sana kifuani huchacha.

Mimi nauza mahamri na mbaazi karibu na feri. Anayevuka kwenda kisiwani alfajiri huenda amekula vyangu. Binti yangu ni kitindamimba. Alizaliwa mwaka 2011 akisikia vizuri, ukikohoa, anageuka. Kabla hajatimiza miaka miwili alipata homa ya uti wa mgongo. Alilazwa wiki tatu, akarudi nyumbani anakula, anacheka, nami nikachinja kuku wa shukrani. Wa kwanza kugundua alikuwa bibi yake wa Matuga. Sinia la bati lilimponyoka nyuma ya mtoto, kuku uani wakaruka juu, paka akatoroka, mtoto akaendelea na uji wake. Mama mkwe hakusema kitu. Aliliokota lile sinia, akaliangusha tena, mara hii kwa makusudi.

Mtaani wakampa jina la bubu. Si bubu. Ana sauti, tena kubwa, na kaka yake anaijua akithubutu kubadilisha chaneli. Viziwi wenyewe huitana viziwi wala hawaoni haya; haya ni zetu sisi tunaosikia, tunaozungukazunguka na maneno.

Mwaka 2017, baada ya kupimwa kwenye kituo cha upimaji wa watoto wenye mahitaji maalum, alipata nafasi ya bweni. Nilipewa orodha ya vitu vya kununua ambayo naikumbuka mpaka leo: godoro, ndoo mbili, kandambili, shuka jozi mbili, sabuni za miche, karatasi za chooni, rangi nyeusi ya viatu. Ukurasa mzima, mbele na nyuma. Nikanunua vyote. Hapakuwa na mstari hata mmoja wa kuniambia kwamba mwanangu anakwenda kujifunza lugha, na kwamba nami nisipojifunza atakuwa akirudi nyumbani mgeni.

Kila likizo alirudi na mikono mipya. Nyumbani tulikuwa na ishara zetu za kubuni wenyewe. Kidole shavuni ni bibi, kwa sababu bibi ana chale pale. Kiganja chini ya sikio ni kulala. Kupeperusha mkono, kama unavyomfukuza kuku jikoni, ni toka, nenda zako. Zote hazikuzidi thelathini, na kwa likizo ya wiki tatu zilitosha: kula, oga, lala, njoo, bibi, kuku, toka. Nikizikumbuka sasa naona zilikuwa nyingi za kumwamuru mtoto. Ya kumuuliza kitu haikuwepo hata moja.

Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 15 Machi 2020. Rais akatangaza shule zifungwe, za bweni zikapewa mpaka Jumatano. Nikamchukua na sanduku lake, godoro limefungwa kamba. Alikuwa gredi ya pili. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi tarehe 12 Oktoba. Yeye na wengine waliobaki, mpaka tarehe 4 Januari 2021. Hesabu mwenyewe, Mhariri. Miezi tisa na nusu, kwa ishara thelathini.

Serikali haikulala. KICD, ile taasisi ya kukuza mitaala, iliyapeleka masomo kwenye redio ya KBC, kwenye runinga ya Edu Channel na kwenye YouTube. Kaka yake alikuwa kidato cha kwanza na yalimsaidia. Mimi pia niliwasha redio nikamkalisha binti mbele yake. Msinicheke, mtu akichanganyikiwa hufanya lolote. Aliitazama. Akaweka kiganja juu yake, akahisi inatetemeka, akatabasamu. Akaweka na shavu. Kilikuwa kipindi cha hesabu.

Runinga hatukuwa nayo wakati huo, tulikwenda kwa jirani. Baadhi ya vipindi nilivyoviona vilikuwa na mkalimani wa lugha ya ishara pembeni, ndani ya kisanduku cha ukubwa wa kiberiti, na runinga yenyewe ilikuwa ndogo, na watoto wa ploti nzima wamejipanga mbele. Anayesikia hata akikaa nyuma mlangoni somo lote linamfikia. Anayesikia kwa macho lazima akae mbele, na waliotangulia hawasogei.

Nisisemee viziwi peke yao. Mama mmoja tuliyejuana kwenye kituo cha upimaji ana mtoto asiyeona. Kwake redio ilikuwa neema, lakini mashine ya kuandikia breli, chuma kizito ambacho bei yake inakununulia pikipiki kuukuu, ni mali ya shule na ilibaki shule. Mtoto alisikiliza miezi yote ile bila kuandika herufi. Mwingine ana kijana mwenye usonji ambaye kila asubuhi alivaa sare, akabeba begi, akasimama mlangoni kungoja basi la shule, na basi lisipokuja ikawa vita mpaka adhuhuri. Hao wana barua zao za kuandika, mimi niendelee na yangu.

Mwalimu wa darasa lake, mtu mwema nisiyemlaumu kwa lolote, aliunda kundi la WhatsApp. Akawa anajirekodi nyumbani kwake akifundisha kwa ishara, video za dakika tatu, nne. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo huenda wapangaji wa masomo ya mbali hawajalifikiria. Mtoto anayesikia unaweza kumtumia ujumbe wa sauti, kitu chepesi, kinafika hata mtandao ukiwa hafifu. Ishara lazima zionekane, na kinachoonekana ni video, na video ni bando. Ukiipunguza ili iwe nyepesi, vidole vinageuka ukungu. Simu yangu ilikuwa na ufa kutoka kona hii mpaka ile, umepita palepale mwalimu anapoweka mkono wake wa kulia. Bando la Sh50 nilinunua asubuhi, jioni halipo. Na hizo Sh50 zenyewe ziliadimika. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja asubuhi, na wateja wangu ni watu wa kabla ya saa kumi na moja. Kutoka pakiti sita za unga kwa siku nikashuka hadi mbili, na kuna siku hizo mbili tulizila wenyewe.

Video moja ilikuwa ya hesabu za kutoa. Niliielewa vizuri, nikasema hili naliweza, mimi ni mtu wa kuhesabu mahamri. Nikatandika mkeka uani, nikapanga mahamri manane kwenye sinia. Nikamwonyesha vidole vinane. Kisha, kumwambia "toa", nikapeperusha mkono. Kisha vidole vitatu. Nikangoja.

Mtoto akaniangalia, akayaangalia mahamri, akainuka akaenda kukaa karibu na banda la kuku.

Nikamrudisha. Nane, nikapeperusha mkono, tatu. Akainuka tena. Mara ya tatu machozi yalikuwa yamemlenga, na mimi nikafanya jambo la aibu: nikampigia kelele. Kelele, Mhariri, kwa mtoto kiziwi. Waliosikia ni majirani. Kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa. Nikaamini mwanangu ni mkaidi, au kwamba ile homa iliondoka na zaidi ya masikio. Nikaacha hesabu kabisa, wiki mbili nzima.

Mwalimu ndiye aliyefumbua fumbo, siku aliponipigia simu ya video akaniomba nifundishe yeye akitazama. Nilipofika kwenye kupeperusha mkono akaziba mdomo. Akaniuliza, ishara hiyo hapo kwenu maana yake nini? Nikamwambia, toka, nenda zako. Na nilipotamka kwa kinywa changu ndipo nami nikasikia nilichokuwa nikisema. Nane, toka hapa, tatu. Mtoto alikuwa akitii kila mara. Alikuwa akiondoka kwa sababu mamake amemfukuza, na kosa lake halijui.

Mwalimu akanionyesha ishara yenyewe ya kutoa. Alasiri ile binti alifanya hesabu kumi na mbili, akala majibu yote.

Siku hiyo aliniambia na jingine. "Mama, mikono yako inauliza lakini uso wako hauulizi." Sikujua kwamba katika lugha ile nyusi zina kazi, kwamba swali linakaa usoni kama linavyokaa kwenye sauti yetu. Mimi nilikuwa nikimwonyesha ishara na uso mkavu wa mtu aliyesimama mbele ya mafuta ya moto. Mtoto hakujua ni lini naomba jibu na ni lini namgombeza. (Sasa fikiria hao watoto waliporudi shule Januari, kila mtu na barakoa usoni.)

Lakini mwalimu alikuwa mmoja, watoto wengi, na bando lake pia lina mwisho. Aliyetuokoa hasa ni fundi viatu wa stendi ya matatu. Nilimpita miaka minane bila kujua ni kiziwi. Nilidhani ni mtu wa maneno machache. Mwezi wa Juni nilimpelekea viatu vya baba watoto, binti nimemshika mkono. Fundi alikuwa akiongea na mtu kwa simu ya video, simu ameiegemeza kwenye kopo la gundi, mikono yote miwili hewani. Mwanangu akauachia mkono wangu. Sijui walianzia wapi. Nilichokiona ni kwamba aliongea, akaongea, akaongea, mpaka fundi akaweka chini kiatu cha mteja, akamvutia kigoda.

Baadaye fundi akachukua chaki akaniandikia kwenye soli ya raba, kwa Kiswahili, maana yeye aliacha kusikia akiwa tayari yuko darasa la nne. Aliandika: "Anauliza kwa nini shule ilimfukuza."

Ilikuwa Juni, Mhariri. Tangu Machi tulikuwa tukimnawisha mikono, tukimfunga barakoa, tukimkataza kucheza na wenzake, tukimzuia asiende kwa bibi, na katika ishara zetu thelathini hamkuwa na moja ya kumweleza ni kwa nini. Korona hakuijua. Alikuwa ameishi miezi mitatu akidhani ni yeye peke yake aliyerudishwa nyumbani. Mimi nilikuwa nikihangaika na hesabu za kutoa.

Kuanzia hapo kila siku baada ya Alasiri tulikwenda stendi, yeye, mimi na kaka yake. Ada ilikuwa mahamri matano na kikombe cha chai. Nilifundishwa nikiwa nimekaa juu ya kreti ya soda, nikikosea nagongwa kidole kwa mpini wa nyundo. Kijana alishika upesi. Mimi vidole vyangu vimezoea unga, vilichelewa. Fundi ndiye aliyenipa jina la ishara. Viziwi hawakutaji herufi kwa herufi kila mara, wanakupa jina kutokana na jambo lako. Langu ni mikono miwili ikisukuma unga. Hata bwenini, binti yangu akiwahadithia wenzake habari za mamake, husukuma unga.

Shida ya lugha haikuishia kwenye ishara. Katika mtaala wetu watoto viziwi husoma Lugha ya Ishara ya Kenya mahali ambapo wengine husoma Kiswahili. Sina ugomvi na hilo, lugha yao ni ile. Lakini nyumbani matokeo yake ni kwamba maandishi anayoyasoma mwanangu ni ya Kiingereza, na Kiingereza changu kiliishia darasa la nane mwaka 1994. Tangu hapo sijakihitaji kuuzia mahamri. Kazi ikitumwa kwa maandishi inanibidi niisome kwa kubahatisha, niigeuze Kiswahili kichwani, kisha Kiswahili hicho nikigeuze ishara. Ni kama mtu wa Likoni anayekwenda Nyali kwa kupitia Ukunda.

Nayasimulia ya 2020 si kwa kupenda vya kale. Shule hufungwa. Mwaka 2024 muhula wa pili ulikuwa uanze tarehe 29 Aprili, mafuriko yakausogeza, yakausogeza tena, watoto wakarudi tarehe 13 Mei. Zile wiki mbili kwetu zilikuwa shwari. Mwalimu alituma video mbili, nikazitazama pamoja na binti, alipokwama nikamsaidia, nilipokwama akanisaidia na kunicheka juu. Aliona kwenye taarifa ya habari nyumba za kando ya Mto Tana zimezama, akataka kujua maji yote yale yametoka wapi na huko hakunyeshi kama kwetu. Tukachora mto kwenye unga, juu ya meza, kuanzia milimani, mabwawa yakijaa na kufurika, mpaka baharini. Simu niliyokuwa nayo haikuwa bora sana kuliko ile ya ufa.

Sasa nije kwenye likizo ya juzi, binti akiwa gredi ya saba. Mwalimu yule wa video alihamishwa zamani. Kundini kuliingia faili la kurasa 23, Kiingereza kitupu, likifuatwa na jumbe tatu za sauti. Sauti, katika kundi la wazazi wa watoto viziwi. Wamo wazazi mle ambao ni viziwi wenyewe. "Wazazi, waelezeni watoto hatua kwa hatua," ulisema ujumbe mmoja. Kwa lugha gani? Hakuna aliyeuliza. Waliojibu waliweka vile vikono vya manjano vya kushukuru. Mimi pia niliweka.

Na siku ya kikao, baada ya soda, watoto walipoachiliwa waje kwetu, nilifanya hesabu yangu. Nilitazama uwanja mzima nikitafuta mzazi anayeongea na mwanawe kwa ishara. Kuongea hasa, si kumwonyesha chakula. Tulikuwa wanne. Waliosalia walikuwa wameketi kwenye nyasi na watoto wao, wanawapangusa uso, wanawapa chipsi, wanawapiga picha. Baba mmoja alikuwa amesafiri usiku kutoka Hola, na zawadi ya viatu vipya kifuani. Alimvisha mwanawe, akamwinulia dole gumba, mtoto naye akamwinulia dole gumba. Baada ya hapo wakakaa tu. Mwisho mtoto akakimbilia kwa wenzake kwenda kuonyesha viatu, na mikono yake ikafunguka. Baba yule ndiye asiyefuatilia?

Nimepata kusomewa Katiba ya 2010 na kaka mtu. Kifungu cha 7 kinaitaka serikali iikuze Lugha ya Ishara ya Kenya. Kifungu cha 120 kinaitaja kuwa lugha rasmi ya Bunge, sambamba na Kiswahili na Kiingereza. Mbunge akitaka anachangia hoja kwa lugha ya mwanangu. Mimi niliyemzaa nilifundishwa na fundi viatu, kwa mahamri.

Ninachoomba kianzie kwenye ile orodha. Mnapotuandikia godoro na ndoo, andikeni na siku za mzazi kubaki. Akimleta mtoto mara ya kwanza asirudishwe na basi lile lile. Akae siku mbili tatu, alale bwenini ikibidi, afundishwe ishara mia moja za kuanzia, na zisiwe za kula na kulala tu. Ziwemo kwa nini, lini, nani, wapi panauma, usiogope, nitarudi. Mia moja hazimfanyi mtu mkalimani, najua, lakini zinampa mtoto mtu wa kumuuliza. Kozi zipo, msiniambie hazipo. KISE, ile taasisi ya elimu maalum kule Kasarani, wanafundisha. Lakini Kasarani ni Nairobi, na karai nimwachie nani? Zileteni huku, tena kwa Kiswahili, maana video nyingi za kujifunzia ishara nilizoziokota mtandaoni zinaelezwa kwa Kiingereza, kana kwamba mama wa kiziwi lazima awe karani.

Kuhusu bando, hata fundi simu wa mtaani angewapa jawabu. Siku ya kufunga shule wazazi wote tuko pale na simu zetu mfukoni. Mwalimu aweke video za likizo nzima kwenye kadi ya memori, tunakiliane mmoja baada ya mwingine, mpaka mgeni wa heshima amalize hotuba kila mtu ana zake. Wasio na simu ya kuchezea video, na wapo, wapangwe na jirani aliye nayo. Shule inajua nani anatoka wapi. Na video ziwe mbili kwa kila somo: moja ya mtoto, moja ya mzazi, ya mzazi itangulie kwa siku kadhaa ili nifanye mazoezi nisije nikamfukuza mtu tena.

La fundi viatu ndilo ninalolitaka kuliko yote. Hakuna mji usio na kiziwi mzima anayejua kazi na anayejua ishara, awe kinyozi, mshonaji au mwosha magari. Huyo ni mwalimu wa likizo aliye karibu kuliko mtandao wowote. Kaunti zinalipa watu kufagia barabara na hilo ni jema. Zimlipe na huyu kwa saa mbili jioni, wiki tatu za likizo, akae na watoto watano na mama zao. Fundi wangu hajawahi kulipwa na mtu. Mwaka jana nilimuuliza kama atakubali. Akaandika kwenye soli: "Na mahamri yaendelee?"

Barua hii nimeiandika jikoni, binti yangu ameketi kando akinichungulia. Kiswahili hasomi, kwa hiyo ilinibidi nimweleze kwa mikono, aya kwa aya, na kwa nyusi. Nilipofika kwenye habari ya banda la kuku alicheka mpaka akainamia meza, kisha akaniambia niifute, wenzake watamcheka. Nikamwambia aliyekosea pale ni mimi. Akafikiri kidogo. Akasema basi niiache, ila niandike pia kwamba soda ya yule mgeni ilikuwa moto.

Mzazi,
Likoni, Mombasa